Kinga Iliyo Kwenye Kopo

Sheria ya kwetu inaiita trekta:
Volvo kuukuu, umri wake mara mbili ya umri wa dereva,
viti vya nyuma vimeng'olewa, pembetatu nyekundu mgongoni,
na ndani kizuizi kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini
kinachosema: thelathini kwa saa, basi.
Ndivyo mtoto wa miaka kumi na mitano, huku kaskazini mwa Uswidi
ambako basi hupita mara moja na kusahau kurudi,
anavyoruhusiwa kushika usukani.

Melker alikuja gereji mwezi wa kumi.
Akanyoosha kroni mia sita, zimekunjwa mara nne.
"Torbjörn, jana nilipitwa na mama Gunnel.
Kwa baiskeli.
Akanipungia mkono."

Nilicheka. Kabla ya yote, nilicheka.

Kazi ya dakika kumi na moja,
redio ikitangaza hoki ya barafu, timu yetu inafungwa.
Labda nilimwambia, "Angalia utelezi,"
vile mtu asemavyo, "Haya, wasalimie nyumbani."

Februari, saa nne na robo usiku, simu.
Mwenye gari la kuvuta ni mimi pia; kijiji kidogo,
mkono ulioharibu ndio huo huo unaoitwa kuzoa.

Kona ya Granselet, ziwa linapojisogeza hadi barabarani.
Msonobari ulikuwapo kabla ya babu yangu kuzaliwa,
haukuona sababu ya kuhama.
Melker amekaa kwenye ngazi ya ambulensi, ana blanketi,
anahesabu vidole vyake.
Anapata kumi. Anaanza upya.
Tuva, miaka kumi na minne,
hakuwa amekaa popote.

Sakafuni mwa gari: glavu moja ya sufu, ya kijani,
na chupa ya chai, nzima, haina hata mkwaruzo.
Niliifungua, sijui kwa nini.
Mvuke ukanipiga usoni.

Watu husema ajali haina kinga.
Hii ilikuwa nayo.
Niliifungua mwenyewe kwa bisibisi,
nikaitumbukiza kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu,
pamoja na nyingine nne.

Polisi alimuuliza kijana: nani aliondoa kizuizi?
"Mimi," akasema, "peke yangu."
Mtoto asiyejua kubadilisha balbu!
Alinikinga, yule mtoto. Mimi, mtu wa miaka hamsini na minane.
Nami nikakingika,
wiki tatu,
nikila, nikilala, nikisalimiana na mama yake Tuva dukani
mbele ya maziwa.

Jumanne akaja Hillevi, binti wa fundi rangi.
Ana mia saba. Bei imepanda bila mimi kuipandisha.
"Wanasema wewe hufanya," akaninong'oneza,
macho yake yanang'aa kama ya mtu aliyeahidiwa sherehe.
Nikasikia kitu kinagongagonga.
Nilidhani ni injini ya nje.
Lilikuwa kopo, mkononi mwangu; sikumbuki kulishusha.
"Rudi nyumbani," nikamwambia. Akasonya. Akarudi.

Kituo cha polisi kiko kilomita tisini.
Nilikwenda kwa thelathini.

Malori ya magogo yalinipigia honi hadi vioo vikatetemeka.
Mmoja alinionyesha kidole; nilimpungia, kama mama Gunnel.
Kwa mwendo huo unaona vitu:
sanduku la barua lenye jina lililofutika nusu,
nyayo za sungura zinazokatiza shamba jeupe
na kuishia katikati, ghafla, bila sungura.
Na kona ya Granselet.
Kwa thelathini ni kona tu.
Inapinda, unapinda nayo, imekwisha.

Kopo lilikuwa kwenye kiti cha pembeni.
Nililifunga mkanda.